x Haina Sheria Zake

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wanaoingia kidato cha kwanza, Dodoma

Viongozi wetu wa kata, wazazi wenzangu, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mnaosubiri shule zifunguliwe: mbukwenyi! Nimepewa nusu saa na ubao mmoja. Nusu saa itanitosha. Ubao sina hakika.

Kila mwezi Januari wazazi huniletea lalamiko lile lile. "Mwalimu, huyu mtoto hesabu za shule ya msingi alikuwa anaziweza vizuri tu. Zilipoingia herufi, akapotea." Basi mimi namchukua mtoto pembeni na kumpa swali lisilo na herufi hata moja. Namwandikia 8 + 4 = ☐ + 5, namwambia ajaze kisanduku. Wengi huandika 12. Wengine wakishaandika 12 wanaona hiyo 5 imebaki inaning'inia, wanaijumlisha nayo, wanaandika 17 pembeni na kunirudishia karatasi kwa furaha.

Jibu ni 7. Nane na nne ni kumi na mbili, na saba na tano ni kumi na mbili. Sasa niambieni, x iko wapi hapo? Haipo. Mtoto alikuwa na shida kabla x haijafika, ila hakuna aliyemuuliza swali la namna hiyo. Kwa miaka yote ya shule ya msingi alama ya sawasawa ilikuwa inamwambia "haya, sasa toa jibu". Aliyeianzisha, Robert Recorde, mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, akasema hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Upande wa kushoto na upande wa kulia ni namba moja iliyoandikwa kwa njia mbili. Hayo tu.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba herufi haikuja na sheria mpya. Kila inachofanya x kilishafanywa na 7, na 12, na nusu, na deni la dukani. Mtoto anayezijua namba na tabia zake anaingia kwenye aljebra akiwa na kila anachohitaji. Na wewe mzazi uliyeishia darasa la saba unaweza kumsaidia, hata kama daftari lake sasa limeandikwa Kiingereza kitupu, kwa sababu 3 + 4 haibadiliki kwa kubadilisha lugha.

Tuzipitie jamii za namba haraka, tutasimama mahali pamoja tu.

Kuna namba za kuhesabia, 1, 2, 3 na kuendelea. Mfugaji wa Chamwino anazitumia kila jioni ng'ombe wakiingia zizini. Ongeza 0, unapata namba nzima. Humo ndani kuna shufwa, zinazogawanyika kwa 2, na witiri, zinazobakiza 1. Kuna tasa, zenye vigawo viwili tu, 1 na namba yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11. Haya watoto wanayajua, wanayaimba.

Ukijumlisha namba nzima mbili unapata namba nzima. Ukizizidisha, vivyo hivyo. Lakini toa: 3 − 8. Hapo namba nzima hazina jibu, na ndiyo maana tukahitaji namba hasi. Tukizichanganya hasi, sifuri na chanya tunapata namba kamili. Mwaka 628 huko India, Brahmagupta aliandika kanuni za kuzihesabu, akiziita chanya mali na hasi deni. Nani hapa hajui deni? Nenda duka lolote pale Majengo, kuna daftari la hasi chini ya kaunta.

Kugawanya nako kukaleta yake. 12 ÷ 4 hakuna neno, lakini 3 ÷ 4 si namba kamili, ndipo zikaja sehemu: kiasi juu, asili chini, na asili isiwe sifuri. Kila namba kamili ni sehemu pia, maana 5 ni 5 juu ya 1. Ukiigeuza sehemu kuwa desimali, ama inakoma, kama 1/4 iliyo 0.25, ama inajirudia, kama 1/7 inayotoa 0.142857142857 na kuendelea na tarakimu hizo hizo sita bila mwisho.

Hapa sasa ndipo nataka tusimame. Je, sehemu zinatosha kupima kila kitu?

Dodoma ya siku hizi kila ukigeuka kuna msingi unachimbwa. Iyumbu, Nala, Mkonze, Ihumwa, kote ni vigingi na kamba. Mtazameni fundi anapotaka kona iwe sawa. Anapima 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, kisha anahakikisha kutoka kigingi hadi kigingi inakuja 5. Hana haja ya kueleza kwa nini, lakini sababu ni kwamba 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, na 9 ukijumlisha 16 ni 25, yaani 5 mara 5. Kona ikiwa sawa, hesabu hiyo hukubali daima.

Mpe fundi huyo huyo kiwanja cha mraba, mita 20 kwa 20, umuulize kutoka kona hadi kona ni mita ngapi. Hesabu ni ile ile: 400 jumlisha 400 ni 800, na tunatafuta namba ambayo ikizidishwa yenyewe inatoa 800. Kikokotoo kitakupa 28.2842712 na zaidi. Fundi atakwambia mita 28 na sentimita 28, na nyumba itasimama vizuri tu. Lakini desimali hiyo haikomi, na haijirudii, hata ukiiandika mpaka uzeeni. Hakuna sehemu yoyote, iwe na asili kubwa kiasi gani, inayolingana nayo.

Najuaje? Sikujaribu sehemu zote. Fuateni hoja hii, ni fupi, na haihitaji kingine ila shufwa na witiri mlizoimba darasa la tatu. Urefu ule ni 20 mara kipeuo cha pili cha 2, kwa hiyo tuishughulikie 2 peke yake. Tuseme ipo sehemu ambayo ikizidishwa yenyewe inatoa 2, na tumeirahisisha mpaka haiwezi kurahisishwa tena. Basi mraba wa kiasi ni mara mbili ya mraba wa asili. Kwa hiyo mraba wa kiasi ni shufwa. Witiri mara witiri ni witiri siku zote, kwa hiyo kiasi chenyewe lazima kiwe shufwa. Shufwa ikizidishwa yenyewe hugawanyika kwa 4. Basi mara mbili ya mraba wa asili inagawanyika kwa 4, maana yake mraba wa asili unagawanyika kwa 2, maana yake asili nayo ni shufwa. Juu shufwa, chini shufwa! Na sisi tulisema imerahisishwa mpaka mwisho. Sehemu ya namna hiyo haipo, haijawahi kuwapo, na haitapatikana.

Naona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Mzee wangu, Wagiriki wa kale walitikisa kichwa hivyo hivyo.

Namba za aina hii, pamoja na sehemu zote, zinajaza mstari wa namba bila kuacha pengo, na mkusanyiko wote tunauita namba halisi. Mtoto akikutana na x kwenye daftari, kwa kawaida ni moja wapo ya hizi. Hatujajua ipi tu.

Tuje kwenye tabia. Namba zina tabia chache, na mtu akizishika hizo chache hana haja ya kukariri mia. Ya kwanza ni kubadilishana nafasi: 7 + 5 ni sawa na 5 + 7, na 7 × 5 ni sawa na 5 × 7. Ya pili, ukijumlisha namba tatu unaweza kuanza na kundi lolote, na kuzidisha hivyo hivyo. Sifuri ikijumlishwa haibadilishi kitu, 1 ikizidisha haibadilishi kitu. Kila namba ina kinyume chake kinachoirudisha kwenye sifuri. Hizi nazipita kwa sababu hazimsumbui mtu.

Ya tatu ni kuzidisha kunakoingia ndani ya mabano. Ukienda dukani ukachukua sabuni 4 za shilingi 980, muuzaji hashiki kalamu. Anasema elfu nne toa themanini, elfu tatu mia tisa na ishirini. Alichofanya ni 4 × (1,000 − 20) = 4,000 − 80. Hiyo ndiyo sheria ninayoipenda kuliko zote, na nitairudia leo mpaka mchoke, kwa sababu nusu ya aljebra ya kidato cha kwanza imekaa ndani yake.

Kutoa na kugawanya hakuna tabia hizo mbili za mwanzo. 8 − 3 si sawa na 3 − 8. Kila mtu anakubali. Lakini twende kwenye MAGAZIJUTO.

(Hapo ukumbi ulicheka. Kila aliyesoma shule ya msingi nchini anaijua.)

Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mmeikariri, watoto wenu wameikariri, na mimi mwenyewe nimeifundisha. Sasa fanyeni hii: 10 − 3 + 2. MAGAZIJUTO inasema JU kabla ya TO. Kwa hiyo 3 na 2 ni 5, kumi toa tano, jibu 5. Wangapi wamepata 5? Wekeni mikono juu, msiogope. Wengi. Haya, tuiulize pesa. Una shilingi 10,000 mfukoni. Umenunua vitu vya 3,000. Ukiwa njiani ndugu yako akakupa 2,000. Unazo ngapi? 9,000! Hakuna mtu hapa atakayekubali kuwa anazo 5,000. Mnaijua hesabu kuliko kanuni mliyoikariri.

Jumlisha na toa zina cheo kimoja. Zikiwa pamoja unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Gawanya na zidisha nazo zina cheo kimoja, ila huko bahati imetulinda: ukianza na kugawanya, jibu linatoka sahihi kila mara, kwa hiyo GAZI haijawahi kumwangusha mtu. JUTO ndiyo inayowaangusha watoto wetu, na inawaangusha kimya kimya, kwa sababu katika maswali mengi toa inakuja mwisho na kosa halionekani. Sisemi tuifute. Nasema mtoto aambiwe kwamba ni njia ya kukumbuka, na ina ufa.

Na ipo njia safi zaidi, ndiyo ninayotaka wanangu muichukue. Acheni kuiona alama ya toa kama kazi ya kufanya, ioneni kama mali ya namba inayoifuata. Kumi, hasi tatu, chanya mbili. Sasa yote ni kujumlisha, na kwenye kujumlisha tulishakubaliana unaweza kubadilisha nafasi na kuanza popote. 10 na 2 ni 12, na hasi 3 ni 9. Hasi 3 na 2 ni hasi 1, na 10 ni 9. Huwezi kukosea hata ukitaka. Namba hasi hazikuletwa kuwatesa watoto, zimekuja kutuondolea kutoa.

Hapo kuna mtoto atauliza, na ninyi wazazi mtaulizwa nyumbani: kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Jibu la "ndivyo ilivyo" ndilo linalowafukuza watoto kwenye somo hili. Twende dukani kwanza. Kwenye daftari una madeni matatu ya shilingi 5,000 kila moja. Mwenye duka anayafuta yote matatu. Ameondoa mara tatu hasi elfu tano. Umepata nafuu ya 15,000. Kuna wanaoridhika na hapo. Kwa asiyeridhika, tuiulize sheria yangu ya mabano. 5 na hasi 5 zinatoa sifuri. Hasi 3 mara sifuri ni sifuri. Sasa ingiza hasi 3 ndani ya mabano: hasi 3 mara 5 ni hasi 15, na hasi 3 mara hasi 5 ni kitu fulani, na vyote viwili vikijumlishwa lazima vitoe sifuri. Kitu hicho kinaweza kuwa nini isipokuwa 15? Hakuna mtu aliyekaa akaamua. Ukitaka hasi mara hasi iwe hasi, itabidi uitupe sheria ya mabano, na muuza sabuni hatakubali.

Sasa herufi. Hapa nina ugomvi na sisi walimu. Tunamwambia mtoto: 3x + 2x ni 5x kwa sababu embe 3 na embe 2 ni embe 5, na 3x + 2y haijumlishiki kwa sababu embe na ndizi hazichanganyiki. Mtoto anafurahi. Wiki mbili baadaye anakutana na xy. Embe mara ndizi ni nini? Juisi? Kisha anakutana na x mara x, embe mraba, na hapo ndipo yule mzazi anakuja kuniambia mtoto kapotea.

x si embe. x ni bei ya embe, au idadi ya maembe, au uzito wake. x ni namba. Ndiyo maana inazidishwa, inagawanywa, inatolewa. Na 3x + 2x ni 5x kwa sababu ya sheria ya mabano tuliyoisema: 3 mara x jumlisha 2 mara x ni (3 + 2) mara x. Hiyo 3 iliyo mbele ya x ni kizidishi chake. Herufi yenyewe tunaiita kigeu, kwa kuwa inaweza kushika namba mbalimbali. 3x + 2y tunaiacha ilivyo kwa sababu hatujui kama x na y ni namba moja. Zikiwa moja, utajumlisha bila tatizo.

Mtoto aliyeelewa kuwa x ni namba ana silaha kubwa: anaweza kujaribu. Amesahau kama (x + y) mraba ni x mraba jumlisha y mraba? Aweke 3 na 4. Saba mara saba ni 49. Tisa na kumi na sita ni 25. Haikubali, basi. Na akitaka kujua kilichopotea, arudi kwenye kiwanja. Kiwanja cha 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Ukiongeza mita 5 kila upande kinakuwa 25 kwa 25, mita za mraba 625. Anayejumlisha 400 na 25 anapata 425, amekosa 200. Ziko wapi? Ni vile vipande viwili virefu vya 20 kwa 5 vilivyopo ubavuni, mia moja kila kimoja. Ndiyo ile 2xy inayosahaulika kwenye mitihani kila mwaka. Nani anataka kusahau mita za mraba 200 Dodoma?

Twende kwenye mlinganyo. Katika karne ya 9, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha aljebra huko Baghdad ambacho hakina x hata moja. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno, hata namba zenyewe. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za mirathi, kwa sababu watu wa kawaida walikuwa wanazihitaji. Herufi zilizagaa Ulaya baadaye sana, kuanzia kwa François Viète mwaka 1591, na desturi ya kutumia x, y na z kwa namba tusizozijua ni ya René Descartes, mwaka 1637. Tangu kitabu cha al-Khwarizmi tu, watu walitatua milinganyo karibu miaka 800 bila x. Kwa hiyo inawezekana kabisa na wewe umekuwa ukiitatua bila kujua.

Tufanye moja ya mirathi, wenzetu wa Kondoa wanaifahamu. Marehemu Mwislamu ameacha shilingi milioni 14 baada ya madeni kulipwa, hakuacha mjane wala mzazi, ameacha watoto wa kiume 2 na wa kike 3. Wa kiume anachukua mafungu mawili kwa fungu moja la wa kike. Fungu la wa kike tuliite x. Wa kike watatu ni 3x, wa kiume wawili ni 2x mara mbili, yaani 4x. Jumla 7x ni milioni 14. Fungu ni milioni 2, na kila wa kiume anapata milioni 4. Sheikh anaifanya kichwani, na anachofanya ni mlinganyo.

Nyingine ina kosa ambalo nataka mlione. Mama muuza zabibu pale stendi ya Nanenane amenunua zabibu, tuseme kwa shilingi 2,000 kilo, akalipa bodaboda 4,000, jumla ametumia 34,000. Amenunua kilo ngapi? 2,000x + 4,000 = 34,000. Walimu tunasema "namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilisha alama". Basi 4,000 inavuka, inakuwa hasi, upande wa pili unabaki 30,000. Sawa mpaka hapo. Halafu mtoto anaivusha na 2,000 nayo kwa kanuni ile ile: 30,000 toa 2,000, x ni 28,000. Mama wa watu kapakia tani 28 za zabibu kwenye bodaboda!

Hakuna kinachovuka. Pande zote mbili ni namba moja, kwa hiyo ukitoa 4,000 huku lazima utoe 4,000 kule, la sivyo hazitakuwa namba moja tena. Kisha 2,000 inazidisha x, kinachoiondoa ni kugawanya, na unagawanya pande zote mbili. Kilo 15. Mtoto akizoea kusema "natoa pande zote, nagawanya pande zote" hatakuja kuleta tani 28.

Kitu kimoja tu hakiruhusiwi: kugawanya kwa sifuri. 12 ÷ 4 ni 3 kwa sababu 3 × 4 ni 12. 12 ÷ 0 ingekuwa namba ambayo ikizidishwa kwa 0 inatoa 12, na hakuna. 0 ÷ 0 je? Hapo kila namba inafaa, kwa hiyo hakuna jibu la kuchagua. Brahmagupta aliyetupatia kanuni za deni alisema ni 0, na wanahisabati hawakumfuata katika hilo.

Kuna mtu atasema: sawa mwalimu, lakini kwa nini herufi, si tuendelee na namba tu? Mnakumbuka kanuni ya 3: jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa 3, namba nayo inagawanyika. 471: 4 na 7 na 1 ni 12, inagawanyika, na kweli 471 ni 3 mara 157. Ukijaribu namba mia umethibitisha namba mia. Namba za tarakimu tatu ziko 900. Sasa andika tarakimu zake a, b, c. Namba yenyewe ni 100a + 10b + c. Igawe hivi: 99a + 9b, halafu a + b + c. Kipande cha kwanza kinagawanyika kwa 3, hata uweke nini. Kwa hiyo namba nzima inategemea a + b + c tu, ambayo ni jumla ya tarakimu. Mstari mmoja, namba zote 900 zimekwisha. Na wanangu, mkiitazama 99a + 9b vizuri mtaona kanuni ya 9 imekuja bure.

Maswali yalikuwa mengi. Naandika mawili.

Baba mmoja aliuliza kwa nini 1 si tasa wakati inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe. Nilimjibu kwamba vigawo vya tasa lazima viwe viwili tofauti, na 1 ina kimoja. Lakini sababu ya kuweka sharti hilo ni kubwa zaidi. 12 ina njia moja tu ya kuvunjwa kuwa tasa: 2 × 2 × 3. Tukiikubali 1, itakuwa pia 1 × 2 × 2 × 3, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3, na hakutakuwa na mwisho. KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) wanazotafuta watoto zimejengwa juu ya kwamba njia ni moja.

Binti mmoja aliuliza tasa zinaishia wapi. Haziishii. Euclid alilionyesha hilo kiasi cha miaka 300 kabla ya Kristo. Chukua orodha yoyote ya tasa, zizidishe zote, jumlisha 1. Namba utakayopata, ukiigawanya kwa yoyote ya zile, inabakiza 1, kwa hiyo tasa inayoigawanya haimo kwenye orodha. 2 × 3 × 5 jumlisha 1 ni 31, tasa mpya. Kubwa kuliko zote zinazojulikana ilitangazwa Oktoba 2024: ni 2 iliyopewa kipeo cha 136,279,841, kisha utoe 1, na ina tarakimu 41,024,320. Binti akafikiri kidogo, akauliza: kwa hiyo ukizidisha ukajumlisha 1, kila mara unapata tasa? Hapana, mwanangu. Chukua 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Zikizidishwa na kuongezewa 1 zinatoa 30,031, na hiyo ni 59 × 509. Si tasa. Lakini angalia: 59 na 509 zote ni tasa, na hakuna hata moja iliyokuwa kwenye orodha yako.